Uliza Nani Yuko Njiani

Zaina mwanangu,

Kabla wewe hujawa DJ, baba yako alikuwa DJ. Tena si wa kubahatisha. Kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, mtu wa kwanza kushika maiki na kupigia watu muziki wa spika kwenye harusi za vijijini ni mimi, na wanaobisha wengi wao wameshakufa.

Umeisoma vizuri hiyo? Basi ifute. Ni uongo. Kufa wamekufa kweli, lakini walikuwa wanabisha kwa haki. Aliyekuwa anapiga muziki ni mjomba wako Hamisi. Mimi nilikuwa nabeba betri. Yeye anaendesha baiskeli na amplifaya na kanda zake mbele, mimi nimekaa kwenye keria, betri ya gari mapajani, na ile spika ya tarumbeta yenye umbo la ua la boga nimeiegemeza begani. Jina langu wakati huo lilikuwa Betri. Maji ya betri yalinitoboa suruali mahali pabaya, na aliyeishona kiraka, akicheka mpaka sindano ikamchoma, ni mama yako, akiwa bado dada wa bosi wangu tu. Hadithi zangu za uDJ nimekusimulia tangu unanyonya, na naona ndizo zilizokutia wazimu huu. Kwa hiyo kabla hujapanda basi kesho na masanduku yako, ni haki ujue kwamba unarithi kazi ambayo mzee wako hakuifanya.

Mambo ya kula, kusali, kufunga mlango na kutomwamini kila anayekuita "sista", mama yako ameshakuagiza tangu magharibi, na bado anaagiza. Namwona midomo inakwenda huku anakushonea magunia ya kufunikia spika. Mimi kuagiza siwezi. Nikianza tu, wote mnacheka, mnadhani ni mzaha. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nachungulia dirishani, kwa hiyo makosa usiyahesabu. Shika jambo moja tu, kwamba naogopa.

Naogopa waya, kwanza. Unakumbuka nilivyokusumbua juzi kuhusu viatu vya raba, ukasema, "Baba, mimi naenda kupiga muziki, siendi kulima"? Sasa sikiliza. Siku moja Mnero mvua ilikuwa imenyesha, jenereta la kukodi, udongo mbichi, na mimi niko peku. Nikaenda kusogeza stendi ya maiki. Watu wakaanza kushangilia. Wakasema leo Betri anacheza, tazameni mabega hayo! Walipiga makofi, mwanangu, huku umeme unanimaliza. Mjomba wako ndiye peke yake aliyeelewa kwamba sijawahi kucheza vizuri hivyo maishani mwangu, akaurukia waya akaung'oa. Ukiona maiki inakuuma mdomoni, hata kidogo tu kama chungu mdogo, zima kwanza, aibu baadaye. Watu watazomea. Waache wazomee. Mtu anazomewa akiwa hai.

Na jenereta liwe mbali, nyuma ya nyumba, mahali ambapo watoto hawachezi na moshi hauingii kwa wapishi. Waya upite juu, usipite kwenye nyasi ambako akina mama wanacheza wameshika watoto. Haya uyafanye mwenyewe. Usimwambie mtu afanye halafu ukaamini amefanya.

Ufundi wako sina wasiwasi nao sana. Nimekuangalia ukifanya mazoezi hapo barazani. Mikono yako miepesi, unaunganisha wimbo na wimbo kama mtu anayepokezana mtoto aliyelala. Ila macho yako yamekwama kwenye kompyuta. Humo hamna mtu. Angalia miguu, na usiangalie ya vijana, maana kijana hucheza hata jenereta likiwaka peke yake. Angalia akina mama waliokaa mkekani. Mama wa Kimwera aliyeshinda shambani akivuna ufuta hainuki bure. Akiinuka, mikono yako iache hapo hapo. Usibadilishe wimbo, usioneshe ujuzi, usipige kelele kwenye maiki. Mwache amalize kile alichoinukia.

Na sauti usiimwage yote mapema. Sauti ni kama uraka, pombe ya mabibo. Kibakuli cha kwanza kila mtu anakusifu, cha pili wanakukumbatia, ukiwamiminia wote kwa pupa hapo mwanzoni, muda si mrefu nusu wamelala na nusu wanapigana. Uraka naujua kwa kusimuliwa, mwambie mama yako hivyo. Na kwenye sherehe za unyago, wanawali wakishatolewa nje na ngoma ikaanza, usipunguze. Zima. Hapo si zamu yako. Shaibu, bosi wako mpya, atakuambia uendelee kwa sababu spika ni zake. Mwambie baba yako ana wazimu na wewe umeanza kuurithi.

Huyo Shaibu ndiye hasa aliyenitia hofu. Alipokuja kukuombea ruhusa kwamba ukafanye naye kazi Ruangwa, nilimwona kijana mzuri, anaamkia watu, viatu alivulia mlangoni. Na namsikia, maana anaongea kama anauza samaki mnadani. Nikamuuliza, "Hizo spika zako kubwa kama makabati, zinasikika hadi wapi?"

Akajigamba, "Mzee wangu, tukifungua Ruangwa mjini, Chinongwe wanacheza!"

Wote mkacheka. Mimi nikatoka nikasema nakwenda kufunga mbuzi, na mbuzi alikuwa amefungwa. Kwa nini nilitoka, sijawahi kumwambia mtu wa nyumba hii. Mama yako anajua nusu, kwa kaka yake.

Tulikwenda Chinongwe kupiga harusi, mimi na mjomba wako. Tulifika siku moja kabla, spika tukaifunga juu ya mkorosho, tukalala. Kabla hakujakucha, jirani wa mwenye harusi, Mzee Nandonde, akafariki. Harusi ikasimama. Pilau la harusi likawa chakula cha msiba, na walioleta zawadi wakashika majembe. Kina Nandonde ni watani wetu tangu mababu. Unajua mtani anavyoingia msibani. Analia uongo, anaiga mwendo wa marehemu, anajilaza mlangoni anasema maiti haitoki mpaka apewe chake, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ni dawa ile. Mimi kwa dawa hiyo nilikuwa mganga mkuu, nakuambia bila majivuno, au na majivuno kidogo.

Mjomba wako akachukua jembe kwenda kuchimba kaburi. Akanigeukia, "Betri, vitu vyangu usiviguse."

Basi hapo ndipo kiti kikawa wazi. Miaka nimebeba betri ya mtu, miaka natamani sauti yangu itoke kwenye lile ua la boga, na sasa mwenyewe yuko makaburini. Nikaunganisha waya, nikashika maiki. Nikatangaza kwamba Mzee Nandonde anawasalimu, amekufa, lakini hatoki ndani mpaka aletwe yule kuku aliyemnyima mtani wake mwaka juzi! Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mjane mwenyewe alijifunika khanga, nikaona mabega yanatikisika, kilio na kicheko pamoja. Nikaiga kikohozi cha marehemu. Nikaiga anavyobana tumbaku. Kila wakicheka naongeza sauti.

Sasa, marehemu alikuwa na binti anaitwa Esha, ameolewa upande wa Mnero, na alikuwa ametoka kujifungua. Shemeji yake alikuwa ametumwa alfajiri kumfuata kwa baiskeli. Akamwambia tunavyoambiana sisi: "Baba anaumwa kidogo, anataka kumwona mjukuu." Mtu aliye njiani haambiwi, unajua. Anafika kwanza, anapewa maji, anakalishwa, wanawake wanamzunguka pande zote asiwe na pa kuangukia ila mikononi mwao, ndipo anaambiwa. Huo si uongo. Ni mkeka tunaomtandikia mtu.

Walikuwa wamefika kwenye kilima cha mwisho. Shemeji anasukuma baiskeli, Esha nyuma kwa miguu, mtoto mgongoni. Hapo ndipo sauti yangu ilipowakuta, safi, kila neno, na kikohozi cha baba yake ndani yake.

Sikujua kitu mpaka walipoingia uwanjani. Esha hakuwa analia. Alikuwa na vumbi jekundu kuanzia magotini mpaka kidevuni, na mgongoni hana hata chembe. Alianguka kifudifudi, mwanangu, kwa sababu nyuma kulikuwa na mtoto. Akaja mpaka chini ya mkorosho nilipokuwa, maiki bado iko mkononi, akasema polepole, na ile maiki ikayachukua maneno yake ikayapeleka kote:

"Mtani, maneno yako hayana ubaya. Ila umeniambia nikiwa peke yangu."

Mjomba wako aliporudi na udongo miguuni alipanda mtini mwenyewe akaifungua spika, na hakunigombeza, wala siku zile wala baadaye. Nilibeba betri yake miaka mingine mingi, kwa hiari yangu, na maiki sikuitia mdomoni tena. DJ mwenyewe ndiye huyo.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi, nikibangua korosho, nikingoja usingizi. Nilikuwa na haki ya utani. Yeyote pale Chinongwe angekuambia hivyo. Lakini utani una uwanja wake. Unamtania mtu unayemwona, naye anakuona, anajua jicho lako limekaaje. Spika inaruka uwanja. Inamkuta mtu kilimani ambaye hajui kama unacheka au unalia, wala hana wa kumshika. Mdomo wangu ulikuwa na watani, lakini ile spika haikuwa na mtani hata mmoja.

Na ile spika yetu ilikuwa kikohozi tu mbele ya makabati ya Shaibu.

Kwa hiyo ukifika mahali pa kazi, wakati wenzako wanauliza chakula kitatoka saa ngapi, wewe tafuta bibi yeyote, bibi ndiye anayejua, umwamkie, umuulize: jirani hapa nani mgonjwa? Na nani yuko njiani? Atakushangaa. Atakuambia, "Wewe mtoto wa nani unauliza maswali ya wazee?" Mwambie mtoto wa Betri. Akikuambia kuna mgonjwa kule kwenye mikorosho, zigeuze spika zako zitazame kwingine. Akikuambia kuna mtu anasubiriwa, maiki iwe ya nyimbo tu. Na majina ya watu usiyataje, hata ya utani, hata bwana harusi mwenyewe akikuomba umchambue shemeji yake. Wape muziki.

Hilo ndilo naloliogopa kwa ajili ya watu. Sasa niandike naloliogopa kwa ajili yangu, maana kalamu imekubali.

Kuanzia kesho wewe ndiye uliye njiani. Utakuwa na hao vijana kwenye gari la mizigo, juu ya spika, usiku, barabara za huko unazijua zilivyo, dereva naye amekunywa alichopewa na wenye sherehe. Na mimi ule uongo wetu naujua vizuri mno. Siku Shaibu akinipigia, yeye asiyejua kunong'ona, akanong'ona, "Mzee, Zaina anaumwa kidogo tu, ungekuja," mimi nitakuwa nimeshaanguka kabla hajamaliza. Hakuna mkeka utakaonitosha. Kwa hiyo ikiwa umeumia, ikiwa umefukuzwa, ikiwa umegombana na watu umekaa na masanduku yako pembeni mwa barabara, niambie wewe mwenyewe. Kwa sauti yako. Hata ukiwa unalia.

Lakini hapo ndipo kuna shida, na hii ndiyo sababu hasa ya barua.

Juzi ulipojaribu vyombo hapa nyumbani, kuku wakaruka mpaka juu ya paa, ukaniuliza, "Baba, unaonaje?" Nikasema, "Nzuri kama mkwe aliyelala," wakacheka majirani wote. Zaina, mimi nilikuwa nasikia ngoma tu. Ile besi iliniingia miguuni, ikapanda mpaka mbavuni, tamu kweli. Kilichobaki sikukisikia. Nyote mlikuwa mnaitikia, kwa hiyo nadhani kulikuwa na mwimbaji. Mimi niliona midomo.

Sikio la kulia lilikufa zamani. Ndilo lililokuwa upande wa tarumbeta, kwenye baiskeli, tukipiga njiani kijiji kwa kijiji, miaka ile. Likawa linapiga filimbi usiku, nikaona fahari, nikasema huu muziki umenizoea. La kushoto sasa linamfuata mwenzake, ingawa simu nikiibana hapo bado nakupata. Watu husema Mzee Betri ana mzaha, ukimuuliza hili anakujibu lile. Mzaha gani? Nikiona mdomo wa mtu umesimama najua ni zamu yangu, natupa neno la kuchekesha, anacheka, anakwenda zake. Nimeishi hivyo muda mrefu, na ni maisha mazuri, sikatai, mtu haambiwi mambo mengi ya kijinga.

Sasa kumbuka siku ile ya Kiegei. Pikipiki iliyokubeba ilipasuka gurudumu, dereva akaenda kutafuta fundi, ukabaki peke yako na vyombo porini mpaka giza likaingia. Ulinipigia, ukapiga tena na tena. Uliporudi nikakuambia nililala, ukacheka, "Baba na usingizi wako!" Nami nikacheka. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kwenye kigoda, macho makavu, nabangua korosho, na simu iko mfuko wa shati, juu ya moyo. Ule mlio wake ni wa ndege ndege, mwembamba. Haunifikii.

Wewe ulikuwa kilimani unaita, na mimi niliyepaswa kuwa uwanjani sikuwepo. Tangu siku hiyo naishika simu mkononi kama kifaranga, naitazama tu. Nachelea hata kwenda chooni nayo isije ikatumbukia, nachelea kuiacha isije ikaita. Mama yako anadhani nimepata mwanamke.

Masikio yako basi. Nunua vile vidude vya kuziba, viweke ukiwa kazini, wakucheke. Usisimame mbele ya spika hata kama ndipo penye raha. Ukisikia filimbi usiku wakati hakuna anayepiga, hiyo si fahari. Kesho yake usiende kazini. Sitaki siku moja tukae wawili hapa barazani, kila mmoja akimtania mwenzake kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

Nimebakiza jambo dogo, kisha ulale.

Unakumbuka siku ya Idi nilikufunga bao mbele ya majirani, ukaapa utanifanyia kitu chochote nitakachotaka isipokuwa kuacha muziki? Nilikuwa nimekiweka kiporo. Sasa nakidai. Na ndiyo, niliiba kete ulipokwenda kumfukuza mbuzi kwenye mihogo, lakini kiapo ni kiapo.

Kesho asubuhi, kabla ya basi, chukua simu yangu. Una ile ngoma kubwa uliyoirekodi kwenye harusi kule Kiegei, ile nzito, ya mpigaji mmoja. Mtoe yule ndege kwenye mlio wa simu, uniwekee ngoma. Mama yako asijue ni kwa sababu gani. Mwambie mzee anataka ujana. Ukishamaliza, usinionyeshe. Nirudishie mfukoni, utoke, uende mpaka nyuma ya banda la kuku, unipigie. Mimi nitakaa kwenye kigoda nimeupa mlango mgongo.

Ukiona nimegeuka, nenda.

Baba yako,
Betri